Kidonda kimetunga usaha tangu lini?

Msomaji wangu, umechomwa na mwiba wa samaki pale Feri, au mwanao amejikata mguu Kariakoo. Siku ya tatu kidonda kinatoa uchafu mzito wa njano. Utamwambiaje daktari?

Wajerumani waliofungua hospitali ya Ocean Road, hapa Kivukoni, mwaka 1897, walikuwa na neno moja: *eitrig*. Likitangulia jina hubadilika mwisho wake, *eine eitrige Wunde*. Likifuata kitenzi hubaki lilivyo, *die Wunde ist eitrig*. Linaeleza hali ya kidonda, basi.

Sisi husema kidonda chenye usaha, jeraha lenye usaha. Lakini nyumbani tunasema vizuri zaidi: kidonda kimetunga usaha. Hicho ni kitenzi, na kitenzi hubeba wakati. "Kimeanza kutunga jana" na "kinatoa usaha wiki ya pili sasa" ni habari mbili tofauti, na matibabu yake huenda yakatofautiana. Kwa hiyo usiishie kusema "kina usaha". Sema tangu lini, unanukaje, na kama unaongezeka.

Usaha ni mabaki ya vita: bakteria, chembe nyeupe za damu zilizokufa na nyama iliyoharibika. Majimaji mepesi yasiyonuka, kwenye kidonda kinachoendelea kupungua, mara nyingi si usaha.

Osha kidonda kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kisha kifunike kwa kitambaa safi. Usikamue. Usifungue kapsuli na kunyunyiza unga wake kidondani. Hukausha juu huku usaha ukibaki chini. Jipu lililoiva kwa kawaida huhitaji kupasuliwa na mhudumu wa afya, vidonge peke yake havitoshi.

Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huweza kujificha. Gusa kwa mgongo wa mkono: je, pana joto, pamevimba, ngozi imekaza na kung'aa?

Wahi hospitali ukiona homa, uvimbe unaosambaa, mstari unaopanda kutoka kidondani, au mtoto amelegea na hataki kula wala kunyonya. Mwenye kisukari asisubiri dalili hizo, aende mapema. Taya likikaza, hiyo yaweza kuwa pepopunda. Nenda saa hiyo hiyo. Na kwa jeraha lolote lenye uchafu, uliza kuhusu chanjo yake hata kabla usaha haujatunga.