Mlango wa Ebola ndani ya seli: maarifa ya mwili wa binadamu yanaandikwa na nani?

Wakati Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, swali la kwanza la wakaaji wengi wa Mangina, Beni na Butembo halikuwa la dawa. Watu walikuwa wanauliza: ugonjwa huu unatoka wapi, na nani anajua ukweli wake? Wengine walisema eti ni ugonjwa wa kutengenezwa. Wengine waliita «Ebola business», juu ya feza na magari ya Riposti yaliyokuwa yanapita kila siku. Mwezi wa Februari 2019, vituo vya matibabu (CTE) vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwisho wa ugonjwa ulipotangazwa, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3.470 walikuwa wamehesabiwa, na kati yao watu 2.287 walikufa.

Pale watu wanapoona kwamba maarifa yamefungwa mikononi mwa wachache, mashaka yanapata nafasi. Lakini kuna jambo moja ambalo wakaaji wengi hawakuelezwa. Namna Ebola inavyoingia ndani ya seli ya mwili si siri. Ilichapishwa tangu mwaka 2011, na muhtasari wake uko kwenye intaneti, mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu na mega kidogo anaweza kuusoma bila kulipa. Tena, sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kuandika inafanywa na watu wa kujitolea.

Jeni ni nini, protini ni nini?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndani ya karibu kila seli kuna maandiko marefu ambayo mtu anayarithi, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Jeni ni kipande cha maandiko hayo, kama fungu moja ndani ya kitabu. Jeni nyingi zinatoa maelekezo ya kutengeneza protini, na protini ndizo zinazofanya kazi: kubeba hewa kwenye damu, kusaga chakula, kufungua na kufunga milango ya seli. Binadamu ana jeni za namna hiyo karibu 20.000.

Mfano unaojulikana katika familia nyingi za Kongo ni ugonjwa ambao watu wanauita SS. Kuna jeni moja inaitwa HBB, inatoa maelekezo ya protini inayobeba hewa ndani ya damu. Herufi moja tu ya jeni hiyo ikibadilika, protini inatoka na kasoro, na chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu. Mtoto anapata SS pale anapopokea jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wakiwa AS wote, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kuleta mtoto SS. Basi ile desturi ya kumsingizia mama peke yake, ao kutafuta mchawi katika jamaa, haina msingi. Maelezo hayo pia yameandikwa wazi, kila mtu anaweza kuyasoma.

Jeni moja, magonjwa mawili

Jeni inayohusu Ebola inaitwa NPC1. Ilitambuliwa mwaka 1997, na waliokuwa wanaitafuta hawakuwa wanafikiri Ebola hata kidogo. Walikuwa wanachunguza ugonjwa wa kurithi unaoitwa Niemann-Pick aina ya C, ambao ni wa nadra sana. Mtoto mwenye ugonjwa huo anaweza kuzaliwa bila dalili yoyote, halafu polepole anapoteza uwezo wa kutembea, kusema na kumeza. Watafiti waligundua sababu: protini ya NPC1, ambayo kazi yake ni kusaidia kutoa mafuta ya kolesteroli katika chumba fulani cha ndani ya seli, haifanyi kazi. Mafuta yanalundikana mule.

Miaka 14 ikapita. Mwaka 2011, makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, kila moja kwa njia yake, yakatoa matokeo katika jarida Nature. Kundi moja lilichukua seli za binadamu na kuharibu jeni mbalimbali, kila seli na jeni yake. Kisha wakamwaga juu yake kirusi kingine kilichovishwa koti la Ebola. Karibu seli zote zikafa. Chache zikabaki hai, na walipochunguza zile zilizobaki, jeni iliyojitokeza zaidi kuwa imeharibika ilikuwa NPC1. Wakajaribu pia seli zilizotoka kwa wagonjwa wa Niemann-Pick. Kirusi hakikuweza kuzishambulia.

Maana yake ni hii. Ebola ikikaribia seli, inamezwa na kuingizwa katika chumba cha ndani, kama mgeni aliyefika barazani lakini hajaingia nyumbani. Mule barazani, ncha ya kirusi inakatwakatwa na kubaki kipande chenye umbo la ufunguo. Kufuli ya ufunguo huo ni protini ya NPC1. Bila kufuli hiyo, kirusi kinabaki barazani na hakiwezi kuzaana.

Kwa hiyo watoto wachache wenye ugonjwa wa nadra, pamoja na wazazi waliokubali seli zao zichunguzwe, walisaidia dunia kuelewa Ebola. Kama ugunduzi wa mwaka 1997 ungefungiwa ndani ya sanduku la kampuni moja, ingekuwa vigumu zaidi kwa watu wa Ebola kuunganisha mambo hayo mawili.

Namna wengi wanavyoandika pamoja

Uwazi huo haukutokea wenyewe. Mwaka 1996, viongozi wa mpango wa kimataifa wa kusoma maandiko yote ya urithi wa binadamu walikutana kisiwani Bermuda. Walikubaliana kwamba vipande vinavyosomwa viwekwe hadharani haraka, ikiwezekana ndani ya saa 24, bila kungoja kuchapisha wala kudai hati ya kumiliki. Mwaka 2003 mpango huo ulitangazwa kwamba umetimia.

Lakini kuwa na maandiko ni jambo moja, kuelewa maana yake ni jambo lingine. Habari za jeni zilikuwa zimetawanyika katika maelfu ya makala za kitaalamu. Hakuna mutu mumoja anaweza kuzisoma zote. Ndipo kundi la Andrew Su, mtafiti wa San Diego huko Marekani, likafanya jaribio lililoelezwa mwaka 2008 katika jarida PLoS Biology. Walitumia programu ya kompyuta kuanzisha maelfu ya kurasa fupi ndani ya Wikipedia, ensaiklopedia ya bure ambayo wasomaji wenyewe wanaiandika. Kila jeni ilipewa ukurasa wake, na kila ukurasa ulianza na mambo ya msingi tu: jina la jeni, mahali ilipo, protini yake. Yaliyobaki yaliachwa kwa yeyote mwenye ujuzi. Kazi hiyo inaitwa Gene Wiki, na miaka michache baadaye ilikuwa na kurasa zaidi ya 10.000.

Ni kama salongo ya kutengeneza barabara. Mmoja anakuja na chepeo, mwingine na mikono tu. Mwanafunzi anaongeza sentensi mbili, mwalimu anasahihisha jina, munganga anaongeza habari ya ugonjwa. Ukurasa wa NPC1 ni hivyohivyo: habari ya kolesteroli, ya Niemann-Pick na ya Ebola zinakaa pamoja, ingawa zilitoka kwa watu ambao hawakuwahi kuonana.

Na nani anahakikisha?

Swali hili ni la haki. Kama kila mtu anaweza kuandika, mwongo pia anaweza. Ulinzi wa kwanza ni kwamba kila dai linatakiwa kuonyesha lilitoka wapi, na sentensi isiyo na ushahidi inaweza kuondolewa. Wa pili ni kwamba kila badiliko linahifadhiwa na tarehe na saa yake, hivyo aliyeharibu anaonekana na kazi yake inaweza kurudishwa nyuma. Wa tatu ni kwamba kuna hazina nyingine za kulinganisha, kwa mfano UniProt, ambako wataalamu wanaolipwa wanasoma makala na kuandika habari za protini kwa uangalifu.

Hata hivyo makosa yanabaki. Kuna kurasa ambazo miaka inapita bila mtu kuzigusa. Ndiyo maana ukurasa wa intaneti hauwezi kuchukua nafasi ya munganga. Mwenye homa, ao mwenye mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, aende kituo cha afya.

Kutoka Kikwit mpaka Beni

Faida ya maarifa haya ilionekana wazi katika Kivu Kaskazini kwenyewe. Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit. Zaidi ya miaka 10 baadaye, mtu mmoja aliyepona kule alikubali kutoa damu. Kutoka damu hiyo, watafiti wakishirikiana na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB ya Kinshasa walipata kingamwili, yaani askari wa mwili, iliyopewa jina mAb114. Ilipochunguzwa, ilionekana inashika kirusi palepale kwenye meno ya ufunguo, sehemu inayotakiwa kugusa NPC1. Ufunguo ukishafunikwa, kufuli haifunguki.

Tangu Novemba 2018, dawa nne zililinganishwa katika CTE za Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kwa wagonjwa 681. Mwezi wa Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema juu ya matokeo kuonekana. Kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa. Kati ya waliopewa mAb114, walikufa karibu 35 kwa 100, na dawa nyingine, REGN-EB3, ilitoa matokeo yanayokaribiana na hayo. Kwa waliofika mapema, kabla kirusi hakijazidi mwilini, nafasi ya kupona ilikuwa kubwa zaidi.

Basi dawa hiyo ilikuwa na mizizi Kongo: damu ya Mkongo aliyepona, kazi ya maabara ya Kongo, na ujasiri wa wagonjwa wa Beni na Butembo waliokubali kujaribiwa. Ni habari ambayo wengi wa wakaaji wangefurahi kuisikia mapema, katika lugha yao, wakati uvumi ulikuwa bado mdogo.

Kinachokosekana

Hapo ndipo pengo liko. Kurasa za jeni zimejaa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ni chache, na nyingi hazipo kabisa. Mama wa Bunia ao wa Uvira anayetafuta maana ya SS kwa lugha anayosemea nyumbani anapata kidogo, na mara nyingine kwanza anapata tangazo la mtu anayeuza dawa ya mizizi.

Pengo lingine liko katika maarifa yenyewe. Katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2019, watafiti walihesabu watu walioshiriki duniani katika utafiti mkubwa wa kuunganisha jeni na magonjwa. Karibu 78 kwa 100 walikuwa wenye asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa karibu 2 kwa 100. Na Afrika ndiyo bara ambalo watu wake wanatofautiana zaidi katika jeni kuliko bara lingine lolote. Kuna mambo ya mwili wa binadamu ambayo hayatajulikana mpaka Waafrika washiriki, wakiwa wenye kuchunguzwa na pia wenye kuchunguza.

Kazi ya kuandika haidai maabara. Mwanafunzi wa udaktari ao wa biolojia kule Goma, Bukavu ao Butembo anaweza kutafsiri ukurasa wa HBB, akaonyesha ushahidi wake, akamwomba mwalimu ausome. Kuna pia Wikidata, hazina ya habari iliyoanza mwaka 2012, ambako jeni inawekwa kwa namba isiyo na lugha. Mtu akiongeza jina la Kiswahili mara moja, linaweza kutumika popote namba hiyo inapotumika.

Sharti moja lisisahauliwe: kinachoandikwa hadharani ni habari ya jeni, si habari ya mtu. Matokeo ya damu ya jirani, ya mchumba ao ya mtoto ni siri yake na ya munganga wake. Vijana wanaopimwa SS kabla ya ndoa wana haki ya kuyapokea matokeo yao kwa faragha.

Ebola inaweza kurudi tena mashariki. Siku hiyo uvumi utaanza kutembea mapema, labda kabla ya magari ya wahudumu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, ulioandikwa leo na wanafunzi watano wakati hakuna hofu, unaweza kuwa tayari umefika kwenye simu za watu.