Moshi wa Pikapu Yako Wakuambia Nini?

Wakulima wa skimu, kurasa hizi husema sana juu ya mbegu, mbolea na kuogesha ng'ombe. Mwezi huu twaomba tuseme juu ya kitu kingine kilichoingia mashambani mwetu, ambacho kikiugua hula fedha kuliko ng'ombe: nacho ni pikapu ya dizeli.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo hapa Usenge, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Sikusomea ufundi wa magari. Lakini wakati wa masika mwaka jana nilipata somo ambalo yafaa nililete kwenu.

Asubihi moja niliomba nafasi katika pikapu ya mzee mmoja wa huku, aliyekuwa akipeleka nyanya Kisumu. Kabla hatujafika Bondo injini ilianza kukohoa, ikalegea, kisha ikazima. Fundi mmoja akaletwa kwa pikipiki. Hakufungua kitu. Akasikiliza stata ikizunguka mara mbili, akasema, "Mzee, pampu imekufa." Bei aliyotaja ilikuwa kubwa kuliko bei ya nyanya zote.

Mzee akanigeukia. "Karani, wewe ulikuwa mwalimu. Wasemaje?" Sikuwa na la kusema.

Bahati njema akapita dereva wa lori la samaki, akasimama. Akauliza, "Jaduong', mafuta haya ulinunua wapi?" Mzee akajibu kwamba alinunua kando ya njia, katika mitungi. Dereva akainama, akalegeza skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli, na maji yakatoka, karibu kikombe kizima cha chai. Akafunga, akasukuma pampu ndogo ya mkono, na injini ikawaka. Tulifika Kisumu alasiri, bei imeshuka na nyanya nyingine zimepondeka. Mzee alipata hasara siku ile, lakini pampu yake ingali inafanya kazi hata leo.

Basi, jambo ninalotaka mlishike ni hili: magonjwa mengi ya injini ya dizeli huanza katika vitu vya bei ndogo, yaani hewa chafu na mafuta machafu. Tazama hivyo kwanza kwa mkono wako mwenyewe. Pampu iwe ya mwisho.

INJINI YA DIZELI YAFANYAJE KAZI?

Wavuvi wa Usenge wajua injini za petroli za mashua zao. Injini hiyo huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Ukitia upepo katika gurudumu la baiskeli, utaona kwamba pampu hupata moto mkononi, maana hewa ikibanwa hupata joto. Mjerumani mmoja, Rudolf Diesel, alijenga injini yake juu ya jambo hilo, na mwaka wa 1897 huko Augsburg injini hiyo ilijaribiwa ikafaulu. Ndani ya silinda hewa hubanwa mpaka iwe sehemu moja tu ya 16 au hata 22 ya ukubwa wake wa kwanza. Inakuwa na moto mkali sana, kisha dizeli hunyunyizwa ndani na nozeli kama umande, ikawaka yenyewe.

Kwa hiyo injini yako yataka vitu vitatu tu: hewa ya kutosha, dizeli safi, iliyonyunyizwa vizuri na kwa wakati wake, na kubanwa sawasawa, ambako mafundi huita kompresheni. Kila ugonjwa utakaoukuta ni upungufu wa kimoja katika hivyo vitatu.

RANGI YA MOSHI

Simama nyuma ya gari asubuhi mtu mwingine akiwasha. Injini nzima ikisha kupata moto haitoi moshi mwingi wa kuonekana.

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Fungua kwanza filta ya hewa. Barabara zetu za vumbi huijaza upesi. Ikiwa imeziba, badili. Usiipige chini wala kuiosha kwa petroli. Kama filta ni safi, tazama mzigo: huenda umepakia kupita kiasi. Baada ya hayo ndipo ushuku nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza.

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi maana yake dizeli imeingia lakini haikuwaka. Ukitoka wakati wa baridi tu kisha ukapotea, shuku hita plagi. Ukiendelea, shuku hewa katika mabomba ya mafuta, kompresheni kupungua, au pampu kunyunyiza kwa kuchelewa. Lakini moshi mweupe usiokoma, na maji ya redieta yapungua kila siku, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Gari hilo lisisafiri.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Tazama kijiti cha oili, usije ukawa umejaza kupita alama. La sivyo, ringi za pistoni au sili za valvu zimechakaa.

MAJI NA HEWA KATIKA MAFUTA

Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Toa mafuta kidogo chini ya filta, uyatie katika chupa ya kioo iliyo safi, uyaache kwa muda. Maji yataonekana chini kama tabaka la pili. Sisi tunaokaa karibu na ziwa, na hasa wenye kuweka mafuta katika mapipa, yatupasa kufanya hivyo kila juma. Pipa lisimame kwenye kivuli, mdomo umefungwa, na usinyonye mafuta ya chini kabisa.

Mafuta ya taa ni adui mwingine, na huyo haonekani katika chupa, maana huchanganyika na dizeli. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ukitia mafuta ya taa, vyuma husagana vikavu. Kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi, watu wengine waliyachanganya na kuwauzia madereva. Ndiyo sababu mwaka wa 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Nunua dizeli katika kituo unachokijua, uombe risiti. Mitungi ya kando ya njia ilimponza mzee wetu.

Ukibadili filta, au mafuta yakiisha tangini, hewa huingia na injini hukataa kuwaka. Fanya hivi:

1. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta.
2. Sukuma pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu.
3. Kaza skrubu huku mafuta yakitoka, kisha sukuma tena mpaka pampu iwe ngumu.
4. Zungusha stata, lakini isizidi sekunde 15 kwa mara moja. Iache ipoe kabla ya kujaribu tena.

KUWAKA KWA SHIDA ASUBUHI

Hita plagi hutia joto ndani ya silinda kabla ya kuwasha. Ondoa kipande cha chuma kinachoziunganisha. Chukua taa ndogo ya majaribio ya volti 12, funga waya mmoja kwenye chanya ya betri, na waya wa pili gusa kichwa cha kila hita plagi. Taa ikiwaka, hita hiyo ni nzima. Isipowaka, imekatika. Fanya hivyo katika injini za zamani tu. Katika gari jipya umeme wa hita huongozwa kwa njia nyingine.

Kama hita zote ni nzima, na betri ina nguvu, injini ikiwa inanguruma fungua kifuniko cha kutilia oili. Pumzi kidogo si kitu. Lakini moshi ukifuka kama jiko la kuni mbichi, kompresheni inapita kando ya pistoni. Hapo mwite fundi mwenye geji aipime.

SILINDA GANI NI MVIVU?

Ikiwa injini yatetemeka au yagonga, waweza kumtafuta mkosaji. Kwa injini ya zamani yenye pampu isiyoongozwa kwa umeme, iache ingurume polepole, zungushia kitambaa nati ya bomba juu ya nozeli moja, uilegeze nusu mzunguko. Injini ikilegea, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika, huyo ndiye mvivu. Mgongo ukipotea, nozeli yake ndiyo yenye ubaya. Kaza, nenda kwa ya pili. Hivyo waweza kupeleka nozeli moja kupimwa badala ya kununua nne.

Onyo kubwa: usifanye hivyo kamwe katika pikapu mpya yenye mfumo wa komon reli. Humo mafuta husukumwa kwa nguvu kubwa mno, na mchirizi wake hupenya ngozi. Hata katika injini za zamani, vaa miwani na weka vidole mbali. Mtu akichomwa na mafuta hayo, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano, aende hospitali siku hiyo hiyo. Jeraha hilo laweza kumpotezea mkono.

VALVU NA PAMPU

Valvu zina nafasi yake ndogo ya kupimwa kwa fila, yaani vile vibati vyembamba vya kupimia. Nafasi ikiwa finyu, valvu haifungi na kompresheni hutoroka. Ikiwa pana, utasikia tiki-tiki. Vipimo vimo katika kitabu cha gari lako, pamoja na neno kama injini iwe baridi au moto. Usitumie vipimo vya gari la jirani. Kitabu hicho pia kitakuambia kama injini ina belti ya taimingi na ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Belti hiyo ikikatika njiani, pistoni huweza kugonga valvu.

Sasa tuseme juu ya ile skrubu ya pampu yenye lakiri au waya wa risasi. Wapo watakaokushauri, "Fungua kidogo, gari litapata nguvu." Ni kweli, nguvu huongezeka kwa siku chache. Lakini dizeli ikizidi hewa, moshi huwa mweusi, joto hupanda, na pistoni huweza kuyeyuka au kupasuka. Tena kumbuka kwamba Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama moja ya kumi. Ukipanda na mzigo kwenda Kericho, kwenye mita kama 2,000, hewa hupungua zaidi. Injini isiyo na tabo italegea na kutoa moshi. Huo si ugonjwa. Teremsha gia, punguza mzigo, wala usiongeze dizeli. Pampu hurekebishwa mezani, kwa mashine ya kuipimia, wala si kando ya njia kwa bisibisi.

WEKA DAFTARI

Nunua daftari la shule. Andika tarehe, kilomita, lita ulizotia na mahali uliponunua, siku ya kubadili oili na filta, na rangi ya moshi. Kilomita kwa kila lita zikianza kupungua, utajua mapema, kama vile ujuavyo ng'ombe ameugua maziwa yanapopungua. Na fundi akija, mpe daftari hilo kabla ya kumpa spana. Fundi mwema atalifurahia. Anayekataa kulitazama, mwache aende zake.

Yule mzee wa nyanya sasa analo daftari lake, na mtungi wa kioo chini ya kiti. Kila Jumamosi jioni hutoa maji ya filta. Juzi alinionyesha mtungi wenyewe: dizeli tupu, bila tone la maji. Akasema, "Mwalimu, juma hili hatulali Bondo."