Kasuku wa Tunduni na Kasuku wa Msituni

Katika bustani ndogo ya ndege, wageni hukawia zaidi mbele ya tundu la kasuku wa kijivu, kwa sababu ndege huyo hujibu salamu. Wanafunzi wa Bukoba na Muleba wana sababu ya kumtazama kwa makini zaidi. Kasuku huyu asili yake ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, na upande wa mashariki makao yake hufika mpaka Kagera, ambako msitu wa Minziro umeungana na misitu ya Uganda.

Kusema kwake kwatokana na nini? Sauti ya ndege haitoki katika zoloto kama ya binadamu. Hutoka katika kiungo kiitwacho sirinksi, kilichoko chini ya bomba la hewa, pale linapogawanyika kuelekea mapafuni. Hewa hutikisa ngozi nyembamba za kiungo hicho, na ulimi mnene wa kasuku husaidia kuiunda sauti. Lakini kiungo peke yake hakitoshi. Msituni kasuku huishi kwa makundi, na kinda hujifunza milio ya wenzake kwa kuiga. Tunduni hana wenzake, basi huwaiga watu. Salamu inayowachekesha wageni ni ya ndege anayetafuta kundi.

Akili yake si haba. Kasuku aitwaye Alex, aliyefundishwa Marekani na mtaalamu Irene Pepperberg tangu 1977 hadi alipokufa mwaka 2007, aliweza kutaja vitu vipatavyo 50. Ndege wa namna hiyo akikosa shughuli huanza kujinyonyoa. Mgeni akiona kifua kitupu ilhali kichwa kina manyoya kamili, sababu yaweza kutambulika: kichwani ndipo mdomo wake usipofika.

Swali zito zaidi ni alikotoka. Pete isiyo na kiungo huvishwa kinda angali mdogo, kwani baadaye mguu haupiti. Nayo ni dalili kwamba alilelewa na watu. Ndege asiye na pete hiyo huenda alikamatwa porini. Jambo hili lina uzito, maana kasuku hutaga mayai machache tu, ndani ya shimo la mti mkubwa, na kinda huchukua miaka kadhaa kupevuka. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi za mkataba wa CITES ziliamua kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini.

Wako waliorudishwa. Katika kisiwa cha Rubondo, kusini mwa pwani ya Muleba, ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, walifunguliwa kasuku walionyang'anywa wasafirishaji haramu. Kufungua mlango wa tundu ndiyo kazi nyepesi. Unyoya wa bawa uliokatwa haurefuki tena. Sharti shina lake lipukutike na mwingine uote mahali pake, na misuli ya kifua iliyolegea irudiwe na nguvu kabla ndege hajaweza kuruka kutoka mti hadi mti.