Juba: Namba ya Mteja Kwanza, Wafuasi Baadaye

Tarehe 22 Januari 2025 Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano ya Sudan Kusini iliziamuru kampuni za simu na intaneti zifunge mitandao ya kijamii. Video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, nchini Sudan, zilikuwa zimesambaa kila mahali, na Juba ilikuwa imetoka tu kwenye ghasia na uporaji wa maduka ya Wasudan. Facebook na TikTok zikazimwa. Amri ilitaja hadi siku 90. Ikaondolewa tarehe 27. Siku hizo chache zilitosha kumwacha bila duka mfanyabiashara ambaye biashara yake yote ilikuwa kwenye ukurasa wa Facebook.

Ndiyo maana ninaposhauri watu wanaouza mtandaoni mjini Juba, iwe vitenge vilivyopita mpaka wa Nimule kutoka Kampala au mashuka ya milaya yaliyodariziwa nyumbani, naanzia kwenye namba za simu. Wafuasi wa ukurasa unawafikia kwa ruhusa ya kampuni iliyo mbali na ya mamlaka iliyo karibu. Namba za watu waliokwisha kununua kwako ziko mkononi mwako, na hata intaneti yote ikikatika unaweza kuwapigia au kuwatumia meseji ya kawaida. Facebook na TikTok ziendelee kukuletea wageni. Kazi yako ni kuhakikisha mgeni haondoki kabla ya kuhifadhi namba yako, na wewe yake.

Neno "kuhifadhi" hapo lina uzito wa kiufundi ambao wengi hawaujui. Stetasi ya WhatsApp haionwi na kila mwenye namba yako. Kwa kawaida huonwa na mtu uliyemhifadhi wewe, naye akawa amekuhifadhi. Orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi nayo ina masharti: orodha moja haizidi watu 256, na asiyekuhifadhi haupati ujumbe huo. Unaweza kuwa na namba mia tatu, ukaposti kila siku, na wanaokuona wasifike hamsini. Kwa hiyo mteja akishalipa mwambie wazi: "Dada, hifadhi namba hii kwa jina la Milaya Hai Malakal, mzigo mpya ukifika utauona kwanza." Jina la bidhaa na mtaa hukumbukwa kuliko jina lako. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 na isiyolipiwa, inakuwezesha pia kuweka orodha ya bidhaa zenye picha, na kuwapa wateja alama za kuwatofautisha: aliyeuliza, aliyelipa, aliyepokea.

Tuje kwenye tangazo lenyewe. Tabia ya kuandika "bei njoo inboksi" inaua biashara. Najua inatoka wapi. Desemba 2015 serikali iliiachia pauni ishuke, kutoka takriban 3 kwa dola hadi 18.5 kwa mpigo mmoja, na leo dola moja huhesabiwa kwa maelfu ya pauni. Muuzaji anaogopa kuandika bei ya Jumatatu ikamfunga Alhamisi. Lakini mteja anayenunua bando kwa shida hana sababu ya kulitumia kukuuliza jambo ulilopaswa kuliandika. Andika bei na uipe mwisho wake. Kwa mfano:

"Shuka la milaya, kitanda kikubwa, maua na ndege, limedariziwa kwa mkono. Dola 30, au pauni kwa bei ya siku. Bei ni hii hadi Ijumaa. Liko Hai Malakal. Ukiagiza kabla ya saa nane mchana, linakufikia leo. Gharama ya bodaboda tunakuambia kabla dereva hajaondoka."

Maneno hayo yanajibu karibu kila swali ambalo mteja angeuliza. Picha imalizie yaliyobaki: piga mchana, nje, bila kurembesha rangi, kisha geuza shuka upige upande wa nyuma. Anayejua darizi hutazama nyuma kwanza, kwa sababu nyuzi zilizofungwa ovyo huonekana huko. Picha hiyo moja hujenga imani kuliko sifa zozote utakazojiandikia. Video iwe fupi, kwa sababu kila sekunde inakula bando la mtu.

Kisha tumia sauti yako. Takwimu za UNESCO za mwaka 2018 zinaonyesha kwamba karibu theluthi moja tu ya watu wazima wa Sudan Kusini wanajua kusoma na kuandika, na Kiarabu cha Juba, ambacho watu wengi sokoni hupatania bei, ni lugha ya mdomo zaidi kuliko ya maandishi. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika kwa Kiarabu hicho, na mwingine kwa Kiswahili kwa waliokulia kambi ya Kakuma nchini Kenya au Uganda na kwa wafanyabiashara kutoka Kenya na Kongo, utafika mahali ambapo tangazo zuri la Kiingereza halifiki. Naona ajabu kwamba wauzaji wenye ulimi mtamu pale soko la Konyokonyo wakiingia mtandaoni huanza kuandika kama barua ya ofisi.

Malipo hayahitaji maneno mengi: pokea pesa za simu kupitia m-Gurush, iliyoanza 2019, au MoMo, na pokea fedha taslimu kwa mteja mpya anayetaka kulipa akishaona mzigo. Kinachosumbua zaidi ni kufikisha mzigo. Nyumba nyingi za mitaa kama Gudele au Gumbo hazina anwani ya kuandika kwenye bahasha. Omba ramani ya WhatsApp, na pamoja nayo omba alama inayojulikana, kanisa, kisima au duka la dawa. Tafuta madereva wawili wa bodaboda unaowaamini, uwalipe vizuri, kwa sababu mteja hatakuona wewe, atawaona wao. Dereva akimjibu mteja kwa ukali, hakuna tangazo litakalomrudisha.

Siku ya tatu baada ya mzigo kufika, piga simu. Uliza kama shuka limefuliwa na kama rangi imetulia. Kisha uliza alikupata kupitia nani, uandike jibu kwenye daftari mbele ya namba yake. Baada ya mwezi mmoja utajua kama hela unayotaka kulipia tangazo la Facebook ielekee huko, au uitumie kumpa punguzo yule mama wa mtaa wa Munuki ambaye jina lake linatajwa kila mara.