Sauti za Newala Zilizohifadhiwa Berlin

Mwaka 1906, majivu ya Vita vya Maji Maji yakiwa bado ya moto, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi akapanda Uwanda wa Makonde hadi Newala. Alikuja na kamera ya sinema na fonografu. Picha zake zilikuwa bubu. Sauti ilichorwa kando, juu ya silinda za nta zenye kubeba dakika chache tu, nazo nta hulainika kwa joto; kazi ngumu, tukiri.

Silinda hizo zimo katika hazina ya sauti ya Berlin, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 1999. Ndugu wasomaji, walioimba mbele ya pembe ile ni wazee wetu. Wajukuu wao wangali Newala, na wana haki ya kuzisikia.