Nimempelekea mama kitabu kwenye simu, kakikataa!

WIKI hii msomaji wangu sina raha, na aliyeninyima raha ni mimi mwenyewe.

Nilipohama chumba Tandale kwenda Mbagala, nilikuwa na boksi la vitabu vya marehemu baba. Mwenye mkokoteni akalitazama, akaongeza bei. Nikawaza, mimi kila kitu nasomea kwenye simu, haya makaratasi niyabebe ya nini? Nikamwachia mama mmoja jirani, muuza karanga na vitumbua. Alifurahi mpaka akanifungia karanga za bure. Nami bila haya nikazitafuna njia nzima.

Kumbe humo ndani kulikuwa na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ile riwaya ya Willy Gamba iliyotoka mwaka 1974. Baba alikuwa haiazimishi kwa mtu.

Majuzi mama kanipigia. "Mwanangu, kile kitabu cha baba yako unacho?" Nikajua bibie kakumbuka mambo ya ujana, anataka kusoma. Nikamwambia asihangaike, siku hizi vitabu viko kwenye simu. Na kweli, mshikaji wangu mmoja akanirushia kurasa zote, kazipiga picha moja moja. (Hapo jasho la mwandishi limeliwa bure, najua, lakini nilipokea.)

Jumapili nikatinga kwa mama. Shikamoo, marahaba, nikatoa simu, nikayakuza maandishi. Mama ambaye bila miwani hatambui hata noti, akasoma nusu ukurasa huku anacheka. Nikavimba kichwa. Kwa wenye macho mabovu simu haina mpinzani, jamani, na umeme ukikatika unasoma ndani ya chandarua bila mshumaa.

Ndipo akasema, "Haya, nipeleke karatasi ya mwisho."

Nikampeleka.

"Siyo hii. Ile aliyoandika baba yako."

Nikaishiwa nguvu. Kumbe baba aliandika huko nyuma, kwa kalamu ya wino, siku na saa tuliyozaliwa kila mmoja wetu. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa nyumbani, hana cheti cha kuzaliwa na sasa anakihangaikia. Mwaka mama anaujua, anakumbuka pia kwamba mvua ya masika ilikuwa inamwagika. Tarehe ndiyo hana. Hadithi ya Musiba nimemletea nzima, mama yangu alikuwa haitaki.

Kijiweni wameniambia ningekipiga picha kitabu chetu kabla ya kukitoa. Sawa, lakini nani anapiga picha kitu anachokiona takataka? Halafu hiyo simu tunayoiamini kama kabati la chuma, nayo ina mlango wa nyuma. Julai 2009 kampuni ya Amazon ya Marekani ilivifuta kutoka mbali vitabu viwili vya George Orwell ndani ya vifaa vyake vya kusomea, Kindle, wakati wateja walishavilipia. Walirudishiwa pesa zao, na bosi wao Jeff Bezos akaomba radhi. Sababu ni kwamba aliyeviingiza sokoni hakuwa na haki navyo. Kimojawapo ni Animal Farm, ambacho sisi tunakijua kama Shamba la Wanyama. Sasa fikiria, mwenye duka aje usiku chumbani kwako, achukue kitabu mtoni mwa kitanda, akuachie chenji!

Ila kwangu hakuingia mtu. Nilitoa kwa mkono wangu.

Jumatatu alfajiri nilikuwa Tandale. Boksi limebaki robo, Kufa na Kupona haimo. Nikamwuliza yule mama kama aliona karatasi yenye mwandiko wa mkono. Akafikiri kidogo, akasema hizo hafungii vitumbua, wino unashika kwenye mafuta. Hizo huwa anawashia jiko.

Mama sijamwambia. Jumapili ananisubiri.