Shada la maua la nyumbani: Ndoo na koleo kwanza, maua baadaye

SHADA la maua linalonunuliwa Nairobi Alhamisi jioni aghalabu huwekwa kaburini Jumamosi alasiri, mamia ya kilomita kutoka mahali lilipotengenezwa. Katika muda huo huwa limepitia mochari, likalazwa juu ya jeneza, likasafirishwa usiku kucha ndani ya basi lenye joto, kisha likakesha nje kwenye umande. Si ajabu basi kwamba jina la shangazi au mjukuu linapoitwa ili aliweke shada hilo, anachokishika mkononi ni waya na majani yaliyonyauka.

Ni aibu inayoweza kuepukika. Familia iliyo na mtu mmoja mwenye mikono mitulivu inaweza kujitengenezea shada nyumbani, tena kwa gharama nafuu, maadamu vifaa vimekusanywa mapema na kazi ikagawanywa vyema.

Kosa la kwanza la anayejaribu kazi hii ni kukimbilia sokoni kutafuta waridi. Katika nchi ambayo mashamba yake ya Naivasha hupeleka waridi Ulaya kila uchao, ua si adimu. Kinachokosekana ni kile kisichoonekana: duara la kulibebea, uzi wa kulishikilia na maji ya kulinywesha.

Duara lenye kipenyo cha sentimita 40 latosha kwa kaburi la mtu mzima. Mzingo wake ni takriban sentimita 126. Anayetumia waya wa ua (ule wa kuzungushia boma, si wa maua) wenye unene wa milimita 3 au karibu na hapo, atahitaji mita 3 hivi: mizunguko miwili, na kipande cha ziada cha kuviringisha ncha ili zisimchome mtu. Waya huo hukatwa kwa koleo ya fundi wa umeme. Mkasi wa cherehani usiguse waya hata kidogo, kwani utaharibika na waya ubaki vilevile.

Kwa kazi ya kufunga, wengi hununua waya mweusi ambao mafundi wa mjengo hufungia vyuma vya nguzo. Unafaa kwa kukaza duara, lakini ni mgumu mno kwa shina la ua na hulikata. Kamba nyembamba ya katani ni bora zaidi. Haitelezi inapolowa, haina kutu ya kuchafua nguo nyeupe, na huoza pamoja na maua.

Jambo hilo la kuoza lastahili kufikiriwa kabla ya kununua chochote. Waya na plastiki hubaki kaburini miaka mingi baada ya maua kutoweka, na si kila jamii iliyo radhi kuondoa kitu juu ya kaburi. Anayeishi karibu na msitu au kichaka anaweza kuuacha waya kabisa, akakata mtambazi mbichi unaopindika, akausokota mara nne au tano kuwa duara na kuukaza kwa katani. Ukikauka huwa mgumu kama kikapu.

Tofali la kijani la sponji, ambalo wauza maua huchomekea mashina, lina historia fupi. Lilibuniwa nchini Marekani mwaka wa 1954 na kuenea kote duniani kwa sababu ya urahisi wake. Hata hivyo, limetengenezwa kwa plastiki isiyooza bali inayovunjika kuwa chembechembe. Royal Horticultural Society, chama mashuhuri cha bustani nchini Uingereza, kilipiga marufuku matumizi yake katika maonyesho yake kuanzia mwaka wa 2021. Anayelitumia hata hivyo na aliache lizame lenyewe majini. Likisukumwa kwa mkono, hewa hubaki ndani na maua yaliyochomekwa sehemu hiyo hufa kiu huku sponji ikionekana imelowa.

Mashambani kuna kibadala ambacho hakiuzwi dukani: shina la mgomba. Sehemu kubwa ya shina hilo ni maji. Vipande vyake vikikatwa kwa panga na kufungwa juu ya duara, mashina ya maua huweza kuchomekwa ndani baada ya kutobolewa njia kwa kijiti cha mshikaki. Tahadhari ni moja tu, na wanawake waliokulia migombani waijua: utomvu wake ukiingia kwenye nguo haufuliki. Shughuli hiyo ifanyike kwa leso kuukuu, wala si kwa vazi la mazishi.

Asiyekuwa na mgomba mbichi hulivika duara kwa nyasi au majani makavu yaliyoloweshwa, akayakaza kwa katani hadi yawe manene kama kifundo cha mkono. Bila utando huo, kila fungu litakalofungwa juu yake litakuwa linateleza.

Juu ya utando huo huja kijani kibichi. Mikaratusi, mvinje, mtarakwa na kangaga hudumu siku kadhaa bila maji. Mnyaa uepukwe, hata kama ndio ua wa boma zima, kwa kuwa utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huumiza vibaya. Majani hukatwa kwa mkasi wa kupogolea, yakafungwa katika vifungu vya urefu wa kiganja. Kila kifungu hulazwa upande mmoja, vichwa vyake vikifunika mashina ya kilichotangulia, na kamba isikatwe hadi duara likamilike. Kikichukua sentimita 6 za mzingo, vifungu 21 vitatosha. Hesabu hiyo hiyo ndiyo ya maua: waridi moja kwa kila kifungu ni 21, na mwenye busara hununua 25 kwa kuwa vichwa huvunjika safarini.

Nairobi, wengi hununua maua yao City Market, katika Barabara ya Muindi Mbingu. Waridi liwe limeanza tu kufunguka. Lililokwisha kuchanua ni zuri kwa picha ya siku hiyo, si kwa safari. Krisanthemamu na karnesheni huvumilia zaidi.

Yakifika nyumbani, maua hayo yasiguse duara kwanza. Huondolewa majani ya chini, mashina yakakatwa mshazari kwa kisu kikali, kisha yakasimamishwa usiku kucha ndani ya ndoo safi ya maji mahali penye kivuli. Kijiko kidogo cha sukari kwa lita moja huyalisha, na matone machache ya dawa ya kung'arishia nguo huzuia viini visizibe mishipa ya shina. Ndoo isiwekwe karibu na ndizi zilizoiva. Matunda yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, nayo huzeesha maua, hasa karnesheni, kabla ya wakati wake.

Kwa Waswahili wa pwani, maua yana mkono mwingine kabisa. Asumini hutungwa kwa sindano na uzi kuwa koja la shingoni, au hukusanywa pamoja na rihani kuwa kikuba cha kupachikwa kifuani. Anayetengeneza shada la mlangoni au la meza ya harusi angefaidika kwa kuazima sindano hiyo, maana ua dogo lisilo na shina halifungiki kwa kamba. Koja, hata hivyo, si shada, ingawa magazeti huyachanganya maneno hayo mara kwa mara.

Utepe wa satini huchaguliwa mwisho, upana wa sentimita 5 au zaidi ukikusudiwa kuandikwa jina. Maandishi yawe ya wino usioyeyuka majini. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya kawaida haitamaliza manyunyu ya kwanza.

Ama kuhusu safari, duara na maua visisafiri vikiwa kitu kimoja. Duara la kijani hutengenezwa mjini siku moja au mbili kabla, likanyunyiziwa maji na kufungwa ndani ya gunia la katani lililoloweshwa. Mfuko wa plastiki usiopitisha hewa haufai, kwani joto la ndani huyapika majani. Maua husafiri kando, yamezungushiwa gazeti kuukuu na kusimamishwa katika ndoo yenye maji ya kina cha sentimita 10, iliyobanwa kati ya viti ili isipinduke kwenye kona za barabarani.

Alfajiri ya mazishi, mashina hukatwa upya yabaki urefu wa kidole, ncha zake zikafungwa pamba iliyolowa, kisha yakachomekwa katikati ya kijani. Kwa watu wawili, kazi hiyo haitachukua zaidi ya saa moja. Shada hilo likae kivulini chini ya mti au uvunguni mwa kitanda hadi mshereheshaji atakapoliita.